Siri ya Mgonjwa ni Amana

Ndugu zangu Waislamu, mgonjwa wa hapa Mwihoko aingiapo zahanati hutoa jina lake, nambari ya kitambulisho, na maradhi ambayo pengine hata mkewe hajayajua. Hayo hutiwa katika kompyuta, na mara nyingi mtunzaji wake ni mfanyabiashara mwengine asiyeonana na mgonjwa kabisa. Huko Marekani, mwaka 2024, wezi waliingia katika kampuni ya namna hiyo, Change Healthcare, zikaibwa habari za watu wapatao milioni 190.

Zikivuja zetu, hospitali isiseme, "Kosa ni la tuliyemwajiri." Aliyepokea amana ndiye aulizwaye, Surat an-Nisaa, aya ya 58, imeamrisha amana zifikishwe kwa wenyewe. Na siri si kama mbuzi. Mbuzi akiibwa hulipwa mwengine; siri ikitoka hairudi.

Wako wanyamazao wakisema ni kudra. Huko ni kumsingizia Mola uzembe wa waja! Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yataka, ikihofiwa madhara, mtunzaji aiarifu hospitali ndani ya saa 48, hospitali imwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72, na mgonjwa aambiwe kwa maandishi. Aliyedhulumiwa ampelekee Kamishna mashtaka. Shauri huchunguzwa na kumalizwa katika siku 90, na aweza kudai fidia hata kwa dhiki ya moyo.

Nawe ukiletewa orodha hiyo katika simu, usiifungue wala usimpelekee mwengine, hata kama limo jina la yule mliyegombana naye.