Fimbo ya mbali haiui nyoka

Wengi huielewa methali hii kwa kupima hatua: kilicho karibu ndicho kikufaacho, kilicho mbali kiache. Tafsiri hiyo si kosa, ila kwa mkaaji wa Bunia, mji wa Ituri mashariki ya Kongo, haitoshi.

Mwezi wa tano 2003, jeshi la Uganda lilipouhama mji, walibaki askari wa kikosi cha Umoja wa Mataifa, MONUC, wapatao 700, wengi wao wa Uruguay. Wanamgambo wa Kilendu na wa Kihema wakaugombea mji. Raia kwa maelfu walijazana kwenye kambi ya MONUC na kando ya uwanja wa ndege, na watu wakauawa si mbali na hapo. Fimbo ilikuwa karibu kabisa. Aliyeishika hakuwa na nguvu wala ruhusa ya kutosha ya kuinyanyua. Mwezi wa sita kikaja kikosi cha Artemis cha Umoja wa Ulaya, Ufaransa ikiwa mbele, kikautuliza mji. Mamlaka yake yaliishia Bunia: huko vijijini Djugu watu waliendelea kufa, na Septemba mosi kikosi kikamaliza kazi yake.

Huo ni umbali wa nguvu na ruhusa. Umbali wa pili, wa mioyo, unauma zaidi. Familia zilizouziana maziwa na mihogo kwa miaka ziligeuka kuwa pande mbili. Mudzipela ulijulikana kuwa mtaa wa Wahema, na Mlendu hakuthubutu kupita. Nyumba hazikuhama, lakini aliyevamiwa hakuwa tena na jirani wa kumwita. Ukaribu unaotajwa na methali basi ni wa kuaminiana kwanza, ndipo uje wa ardhi.

Ndiyo maana nasitasita ninaposikia nyumba kumi, mpango wa majirani kulindana, ikisifiwa kama dawa ya wizi na uvamizi wa usiku. Mpango huo ulianzia Tanzania katika miaka ya 1960, chini ya TANU, ukasambaa hadi mashariki ya Kongo. Ni mzuri, sibishi. Shefu wa avenyu, yaani kiongozi wa mtaa mdogo, anamjua mgeni aliyelala kwa nani, na sufuria zikipigwa usiku avenyu nzima huamka. Lakini sufuria haifanyi kazi peke yake. Kinachomtoa mtu kitandani kumkabili mwenye bunduki ni kuamini kwamba kesho, kwake pakivunjwa, nao watatoka. Imani hiyo haiundwi na amri ya gavana. Tangu Mei 6, 2021 Ituri iko chini ya hali ya kuzingirwa, mamlaka ya jimbo mikononi mwa wanajeshi, na makundi ya waasi ya CODECO na ADF hayajakoma kuua.

Tena methali ina sharti ambalo wasemaji hulipita haraka: lazima awepo nyoka. Kijana anayepigwa na kuchomwa kwa kelele za “mwizi!” ameuawa na fimbo ya karibu sana, na pengine hakuiba hata kuku. Aliye karibu ana uwezo wa kuua, lakini ndiye pia mwenye nafasi ya kutazama vizuri kabla ya kupiga. Akiiacha nafasi hiyo, ukaribu wake haumfai mtu.

Kwa hiyo ningeomba kuona orodha ya zamu za ulinzi kabla ya kuhesabu filimbi na tochi. Kama Mhema, Mlendu, Mnande na Mwalur wanakesha zamu moja, avenyu hiyo ina fimbo. Kama kila kabila lina zamu yake, wanachungana wao kwa wao, kila upande ukimwangalia mwenzake.