Je, Hesabu Yaweza Kumjua Mkulima?

Wenye elimu wa siku hizi hujaribu kujua mavuno ya miaka hamsini ijayo. Huandika hesabu ya joto, ya mvua na ya udongo, kisha mashine hutoa jibu. Kazi hiyo ni njema, kwani mwenye akili hutengeneza ghala kabla ya njaa. Lakini tujiulize: katika hesabu hiyo, mkulima ni nani?

Hesabu nyingi za kwanza zilimfanya kama jiwe. Hali ya hewa inageuka, naye anapanda mbegu ile ile, siku zile zile. Mwaka 1994 Mendelsohn, Nordhaus na Shaw, huko Marekani, walikataa wazo hilo. Walitazama bei ya mashamba katika wilaya karibu 3,000, penye baridi na penye joto, kwa kuwa watu wa kila mahali wamekwisha kuchagua yanayofaa pale. Hasara ikaonekana ndogo kuliko ilivyodhaniwa.

Hapo twakubali: mtu ana akili na hiari. Hata kwetu, mama achanganyaye mihogo na maharagi katika shamba moja anajua sababu yake: kimoja kikikosa, kingine kitabaki.

Lakini liko kosa la pili, kinyume cha la kwanza: kumfanya mkulima kama ndege, arukaye toka mti hata mti bila gharama. Bei ya shamba huonyesha mwisho wa safari, haionyeshi jasho la njiani. Mbegu mpya hununuliwa, mfereji huchimbwa, na nani atawalisha watoto katika miaka ya kujaribu? Mwaka ule ule Rosenzweig na Parry walipiga hesabu ya nafaka za dunia. Waliona kwamba jumla ya mavuno ingepungua kidogo tu, lakini mzigo ungeziangukia zaidi nchi maskini. Nayo mabadiliko ya wakulima wenyewe yasingeondoa sana tofauti hiyo.

Basi, jumla yaweza kuwa njema, na ndani yake watu wakalala njaa. Gunia lililojaa kwa jirani halishibishi watoto wetu.

Jibu letu ni hili: hesabu yaweza kutuonyesha mkulima angefanya nini akiwa na njia, haiwezi kumpa njia. Kumpa ni deni la haki, na deni hulipwa na watu, si na mashine. Asemaye “watazoea tu”, huku ameufunga mkono wake, hajapiga hesabu bado.