Je, Mtu Aweza Kujijua Peke Yake?

Wahenga walinena, "Mtu ni watu." Neno hili fupi lina swali ndani yake: je, mtu aweza kuijua nafsi yake pasipo mwenziwe wa kumtambua? Natulipime kwa habari za Berlin, mji mkuu wa Udachi, kati ya zile vita kuu mbili.

Tangu mwaka 1871 sheria ya nchi ile, fungu la 175, iliwatia gerezani wanaume waliolala na wanaume. Walakini baada ya vita ya 1914–1918 polisi wa Berlin waliyavumilia majumba mengi ya dansi na vinywaji, ambamo wanaume waliopenda wanaume, na wanawake waliopenda wanawake, walikutana usiku. Magazeti yao yaliuzwa hadharani. Mwaka 1919 Daktari Magnus Hirschfeld alifungua chuo cha kuchunguza mambo hayo.

Basi mtu aliyetoka mbali, akidhani yu peke yake ulimwenguni, aliingia mlangoni akaona wengi mfano wake. Hakupewa moyo mpya. Alipata jina la jambo alilokuwa nalo tangu zamani.

Lakini angalieni, kutazamwa si kutambuliwa. Katika jumba lililoitwa Eldorado wageni waliingia ili kuwatazama wanaume waliovaa mavazi ya kike, kisha wakaenda zao. Hao waliona mavazi, mtu hawakumwona. Polisi nao waliandika majina katika orodha zao. Hao walijua jina, mtu hawakumjua. Aliyemtambua ni yule aliyeketi naye akamsikiliza.

Mwaka 1933 serikali ya Hitler iliyafunga majumba yale, na mbele ya Eldorado zikabandikwa karatasi za kumnadi Hitler. Tarehe 6 Mei chuo cha Hirschfeld kilivamiwa, na siku nne baadaye vitabu vyake vikachomwa moto. Mwaka 1935 sheria iliongezwa ukali. Watu wapata 50,000 walihukumiwa chini ya utawala ule, na maelfu wakapelekwa katika kambi za mateso. Sheria yenyewe haikufutwa kabisa hata mwaka 1994.

Labda mtu atauliza, "Ikiwa walikwisha kujijua, kufungwa kwa mlango kuliwapunguzia nini? Ujuzi si hukaa moyoni?" Hukaa, ni kweli. Lakini neno lisiloweza kusemwa mbele ya mtu hata mmoja hugeuka kuwa hofu, na mwenye hofu hujizoeza kusema uongo, kwanza kwa jirani, mwisho kwa nafsi yake. Kwa hiyo aliyeyafunga majumba yale hakuondoa mchezo wa usiku tu. Alivunja kioo ambacho watu walijionea nyuso zao.

Nasi yatupasa kujiuliza. Mtu akija kwetu kusema yeye ni nani, je, tutamtazama tu, tutamwandika katika orodha, au tutamtambua?