Ajuaye Hatari Anawiwa Nini?



Sisi tukaao chini ya Mlima Meru twayajua madoa ya kahawia katika meno ya watoto wetu. Wageni hudhani ni uchafu, na vijana wengi huona haya kucheka mbele za watu. Sababu ni mlima wenyewe: ni wa volkano, na maji yapitayo katika miamba yake huchukua madini ya floridi. Shirika la Afya Duniani hushauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mwaka 1974 nchi yetu, kwa shida ya maji, iliruhusu vijijini hadi miligramu 8.

Floridi haionekani wala hainuki. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini floridi hubaki. Kwa hiyo mama, hata awe msafi namna gani, hawezi kumlinda mtoto kwa macho yake. Hana budi kumtegemea mwenye kipimo. Hapo ndipo tuonapo faida ya kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arumeru, kilichowekwa kwa kazi ya kuondoa floridi majini. Njia yake moja ni mifupa ya ng'ombe, ambayo huchomwa hata iwe mkaa, na mkaa huo hunasa floridi maji yapitapo.

Je, jawabu likipatikana, deni la mtafiti limekwisha? Wapo wasemao kuamua ni kazi ya wananchi. Wana haki kwa sehemu, maana wengine hawapendi maji yaliyopita mifupani, wala dhamiri haishurutishwi. Lakini mtu hawezi kuchagua jambo asiloelezwa. Tena mkaa huchoka, na ukichoka maji hutoka maangavu kama jana. Ampaye jirani chujio asirudi kulipima, amemwachia hatari ile ile na kumwondolea hadhari.

Sisi tuliofundisha miaka mingi twajua kwamba somo halijafundishwa mpaka mwanafunzi ameelewa. Kituo nacho kipimwe hivyo, kwa maji yaliyomo kikombeni mwa mtoto. Meno ya kudumu hujengeka katika miaka minane ya kwanza. Yakiisha kuharibika, madoa hayatoki yenyewe.

Nasi tusikae kimya. Yatupasa kuiuliza kamati ya maji: kisima chetu kina floridi kiasi gani, na kilipimwa lini? Ajuaye awiwa kusema. Naye aliyeambiwa awiwa kutenda.