Miguu Iwe Magharibi

Wajukuu zangu, msimu wa salfa umeingia, nami nawaona mnavyotembea mchana kama kuku walionyeshewa. Mnaamka saa tisa usiku, mnabeba mashine mgongoni mkapulize mikorosho kabla upepo haujaanza, maana salfa hushika vizuri jani likiwa na umande. Saa nne mmesharudi, macho mekundu. Mnakula ugali wa muhogo na kisamvu, mnafunga mlango, mnajifunika gubigubi. Laasiri mnaamka na mang'amung'amu, mdomo mchungu, hamsemezeki. Halafu mnaniambia, "Babu, usingizi wa mchana mbaya."

Si mbaya. Mnaulala vibaya.

Hata mimi yamenikuta. Mwaka mmoja, wakati wa kuokota korosho, nilijilaza baada ya kula nikaenda fofofo. Nilipofumbua macho jua lilikuwa linazama, nikadhani kunapambazuka. Nikabeba jembe, huyoo, shamba. Bibi yenu alinitazama tu mpaka nikafika njia panda, ndipo akaniuliza kwa sauti, "Unakwenda kulima na wachawi?" Mpaka leo tukigombana hunikumbusha.

Usingizi, watoto, ni kama bonde letu. Mama zetu walikuwa wakiteremka huko chini kuchota maji, na taabu haikuwa kushuka, ilikuwa kupanda na mtungi kichwani. Ukilala dakika 10 au 20 bado uko ukingoni, ukiitwa unaitika. Ukipitisha nusu saa umeshazama, na akikuamsha mtu hapo ndipo unapoamka umelewa bila kunywa. Ukitaka kwenda mpaka chini na kupanda tena mwenyewe, jipe kama saa moja na nusu. Hiyo ni ya mtu aliyekesha kweli. Mwingine asijidanganye.

Nisije nikaambiwa ni mambo ya wazee. Wamarekani wa NASA walilipima jambo hili kwa marubani wa safari ndefu, ripoti wakaitoa mwaka 1994. Baadhi ya marubani hao walipewa kwa zamu dakika 40 za kupumzika palepale kitini, wakalala wastani wa dakika 26, na walipokaribia kutua walikuwa macho kuliko wenzao walionyimwa. Kama rubani ameruhusiwa, sembuse mpuliza salfa.

Wakati wake ni baada ya adhuhuri, saa saba hadi saa nane hivi. Mwili hulegea wenyewe saa hizo, hata usipokula kitu. Watu wa pwani wanaita kailula, na sisi Waislamu tunaihesabu sunna. Ikipita saa tisa acha, utaudai usiku usingizi wake na hautakulipa.

Sasa mahali. Kitanda kinakubembeleza mno, chukua mkeka. Usilale chini ya mkorosho uliopulizwa asubuhi hiyo, unga utakudondokea machoni. Tazama na matawi: ukiona majani yameshonwa pamoja kama kifuko, humo mna sisimizi wa majimoto, nao hawana habari na kailula yako. Ukishapata mti, tandika karibu na ukingo wa kivuli, miguu iwe magharibi. Jua linavyokwenda, kivuli kinakukimbia, na joto linakugusa vidole kabla hujazama. Babu yangu hakuwa na saa wala simu, na sikuwahi kumwona akichelewa kurudi shambani. Siku za mawingu alimwachia mtoto kazi ya kumwamsha. Mtoto huyo nilikuwa mimi.

Ukipenda, kunywa kikombe kidogo cha kahawa kabla ya kulala. Inachukua kama dakika 20 hivi kuanza kufanya kazi, kwa hiyo inakukuta unaamka. Uraka, pombe ya mabibo, usiuingize hapa. Ule hauleti usingizi, unaangusha.

Usingizi usipokuja, funga macho tu, usiupiganie. Na anayelala usiku kucha, kisha kila mchana anasinzia, aende zahanati wampime damu, asije kwangu.

Wewe wa bodaboda, nawe sikia. Kusinzia juu ya pikipiki kijiweni, shingo imening'inia, huko si kupumzika. Na ukiamka usimpakie abiria wa Masasi papo hapo. Nawa uso, simama juani, zungumza na watu kidogo mpaka akili irudi.

Mkeka uko nyuma ya mlango. Mkimaliza mkung'uteni, bibi yenu akikuta unga wa salfa atanisema mimi.