Sauti Iliyo Hai



Mwezi uliopita kijana wangu alinichukua kwa gari kutoka Silver Spring kwenda Alexandria, kwenye harusi ya jamaa. Foleni ya Beltway mnaijua. Tukawa tunatambaa kama kobe. Akaweka muziki wa magitaa, wa bendi ya roki ya Kiingereza iitwayo Porcupine Tree. "Baba, hii ni laivu," akaniambia. Nikasikiliza mpaka wimbo ukaisha. Kimya. Nikamwuliza, "Kama ni laivu, makofi yako wapi?"

Akanieleza. Albamu hiyo, yenye jina la XM, ilirekodiwa Novemba 2002 hapa hapa Washington, katika studio za redio ya setilaiti ya XM. Wanamuziki walipiga wote kwa pamoja kama wafanyavyo jukwaani, ila mbele yao hapakuwa na ukumbi wa watazamaji. Mwaka uliofuata ikatolewa kuwa albamu.

"Kama hapakuwa na watu, hiyo laivu imetoka wapi?" nikambana.

"Baba, laivu si watu. Laivu ni kwamba ukishapiga, umeshapiga. Hurudi nyuma kufuta."

Sikusema tena mpaka tulipovuka daraja la Woodrow Wilson. Kijana alidhani nimechoka. Kumbe neno lake lilikuwa limeniangukia pahala penye kidonda.

Baadhi ya nyimbo zilizopigwa siku ile zilitoka katika albamu ambayo bendi hiyo ilikuwa imeitoa Septemba 2002, In Absentia. Ni maneno ya Kilatini, maana yake ni mtu kutokuwepo. Sisi tunalo neno letu: ghaibu. Ndilo lililozaa "ughaibuni", jina la mahali tunapoishi. Wenzetu nyumbani wanapotaja tulipo, wanataja kwamba hatupo. Basi swali langu ni hili: mtu aliye ghaibu aweza kuwa na sauti iliyo hai kwa watu wake, au kila anachowapelekea ni rekodi tu?

Baba yangu alifariki Tanga mwaka 1999. Makaratasi yangu yalikuwa bado hayajakaa sawa. Ningetoka nchi hii nisingerudi. Sikwenda kuzika. Nikanunua kaseti tupu, nikakaa katika chumba changu Langley Park, nikajirekodi maneno ya kumpa pole mama. Kazi ya dakika kumi ilinichukua usiku tatu. Kila sauti ilipotetemeka nilirudisha nyuma nikafuta. Nilipomaliza, kaseti ilikuwa safi, maneno yamepangika, nikampa msafiri.

Mama akaisikiliza pamoja na jamaa waliokuja kwenye hitma. Nilipompigia simu aliniambia, "Tumeipata, mwanangu. Umesema vizuri. Lakini ulikuwa kama msoma taarifa ya habari. Mimi nilitaka nilie na wewe."

Kwa miaka mingi nilijitetea kwamba kosa lilikuwa la umbali. Nilisema kaseti ni kaseti, haiwezi kubeba mtu. Siku ile ya foleni utetezi huo ulivunjika, kwa sababu nilimkumbuka Siti binti Saad.

Siti alitoka Unguja mwaka 1928 pamoja na wapigaji wake, wakasafiri hadi Bombay kurekodi santuri za kampuni ya His Master's Voice. Shaaban Robert, mwana wa Tanga kama mimi, ameandika wasifu wake, na wengi mmeusoma. Fikirini hali ile: mwimbaji aliyezoea kuimba usiku mbele ya watu wake, sasa yuko chumbani ng'ambo ya bahari, mbele yake chombo tu. Na mitambo ya siku zile ilichora sauti kwenye nta. Aliyekosea hakuweza kufuta neno moja akapachika jingine. Ama wimbo uanze upya wote, ama kosa libaki. Santuri hizo zikarudi pwani, watu wakazigombea. Bibi yangu alikuwa akizisikiliza huku akiitikia, kana kwamba Siti yupo barazani.

Kwa hiyo umbali hauui sauti. Wala kukosa hadhira hakuiui. Siti alikuwa ghaibu Bombay, wale Waingereza walikuwa ghaibu Washington, na sauti zao zikafika zikiwa hai. Yangu ilifika imekufa kwa sababu niliiua mwenyewe kwa kidole, nikibonyeza kitufe cha kurudisha nyuma.

Najua atakayenijibu. Atasema: mama ni mtu mzima, ana presha, kwa nini umtwike machozi yako? Kuficha nako ni huruma. Hoja hiyo ina uzito, nami sipendi watu wanaomwaga kila kilichomo moyoni wakakiita ukweli. Si kila jambo ni la kusemwa. Wazee wetu walitufundisha sitara. Lakini sitara ni kunyamazia jambo, na mwenzako akijua kwamba umenyamaza. Mimi sikunyamaza. Nilimtengenezea mama mtoto mwingine asiyelia, nikampelekea huyo badala yangu.

Na mchezo huu haukuanza na kaseti. Miaka mitano kabla ya hapo, nilipokuwa naosha vyombo usiku na kusafisha ofisi alfajiri, kila nilipopiga simu nilisema, "Mimi sijambo kabisa, kazi nzuri." Nao walinilipa kwa sarafu ile ile. Baba aliugua miezi minne. Kila nilipomwulizia niliambiwa, "Hajambo, amelala." Nilifanya hesabu baadaye nikaona kwamba katika miezi ile baba alikuwa amelala kila nilipopiga. Nilikasirika sana. Ila nitamlaumu nani? Niliwafundisha mimi kwamba kwenye simu ya Marekani husemwa habari njema tu.

Siku hizi hatuna kaseti, wala zile kadi za simu za kukwangua. Tuna ujumbe wa sauti wa WhatsApp, na kufuta kumekuwa rahisi kuliko wakati wowote. Juzi nilikuwa namrekodia mama salamu za wiki. Nikazifuta mara mbili kwa sababu nilikohoa. Mara ya tatu nikaacha, nikapiga simu.

Nilisikia jogoo, nikasikia pikipiki ikipita, kisha mama. "Umekula?" Nikamwambia nimekula. "Na kazi?" Mdomo ulishajiandaa kusema nzuri. Nikamwambia, "Mama, nimepunguzwa kazini tangu Machi. Na goti linanisumbua."

Akanyamaza kitambo, hata nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Afadhali umesema. Na mimi jicho la kushoto halioni tangu Ramadhani. Nilikuwa nasubiri uanze wewe."