Oili Chafu Mgongoni mwa Mbwa Mzee

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, mbwa wa ulinzi anapozeeka na ngozi yake ikaanza kunyonyoka, kutoa magamba na kunuka, tiba inayomjia upesi mwenye nyumba ni oili chafu, yaani oili iliyokwisha kutumika katika injini ya gari, ambayo mnyama hupakwa mwili mzima kwa imani kwamba wadudu watakosa hewa wafe. Imani hiyo ina chembe ya mantiki, na pengine ndiyo maana haifi. Lakini mbwa hujilamba, na oili hiyo hupenya pia ngozi yenye vidonda, hivyo ini na figo zilizokwisha kuchoka huongezewa sumu juu ya ugonjwa. Ngozi isipopona, hukumu huwa nyepesi: ni uzee.

Uzee huleta mvi na kupunguza manyoya, lakini hauleti mabaka yenye usaha. Miongoni mwa vyanzo vyake ni utitiri uitwao demodeksi, mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho matupu, anayeishi ndani ya vishimo vya mizizi ya manyoya, na ambaye mbwa humpata kwa mama yake katika siku za mwanzo za kunyonya. Karibu kila mbwa anaye, na kinga ya mwili humdhibiti maisha yote. Anapofumuka kwa mbwa mzee, swali la daktari wa mifugo huwa ni kitu gani kimeiangusha kinga: huenda tezi za adrenali, zilizo karibu na figo, zinatoa homoni ya kotisoli kupita kiasi, jambo linalomfanya mbwa anywe maji mengi, akojoe mara kwa mara na tumbo kuning'inia, huenda tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, imezorota, huenda ni saratani, au huenda ni zile sindano za steroidi alizochomwa mfululizo kutuliza mwasho, ambazo hushusha kinga hiyohiyo inayohitajika.

Kipimo chenyewe cha utitiri si cha ajabu. Daktari hutia tone la mafuta kwenye kijembe butu, huiminya ngozi kwa vidole ili utitiri usukumwe juu, kisha hukwangua mpaka damu ianze kuchuruzika kidogo, na kile kilichokwanguliwa hutazamwa kwa hadubini, ambapo demodeksi huonekana mrefu kama sigara, mwenye vijiguu vifupi vinane upande wa mbele. Ndugu yake, sakoptesi, ambaye ni wa mviringo na huleta upele wa kuwasha usiku na mchana, huweza kumwambukiza hata mtoto anayecheza na mbwa huyo. Anayekisia bila kukwangua hawezi kuwatofautisha.

Tiba nayo hutaka subira, kwa kuwa utaratibu unaokubalika ni kuendelea na dawa hata baada ya manyoya kurudi, hadi vipimo viwili vilivyopishana mwezi mmoja vikose utitiri. Kukisia dozi ya ivamektini, mojawapo ya dawa hizo za utitiri, iliyowapa wagunduzi wake Tuzo ya Nobel mwaka 2015, ni hatari, hasa kwa mbwa wa jamii ya Collie, ambao wengi wao wana hitilafu ya kurithi inayoiruhusu dawa kuingia kwenye ubongo.

Wapo watakaosema kwamba fedha hazitoshi hata kwa dawa za watoto, na kwamba mbwa ni najisi. Hoja ya kwanza ni nzito, ingawa hupungua uzito pale geti alilolilinda linapogharimu mara nyingi zaidi ya kipimo. Hoja ya pili husahau kwamba hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim humtaja mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Unajisi ni hukumu ya twahara, si ruhusa ya kutesa.

Mbwa aliyekesha miaka mingi akilinda nyumba anastahili kukwanguliwa ngozi na kupimwa damu kabla ya kuambiwa amezeeka. Na daktari akithibitisha kwamba hakuna tiba iliyobaki, sindano ya kumpumzisha bila maumivu ni wajibu wa mwenye nyumba, naye hana haki ya kumpakia garini usiku na kumtelekeza sokoni.